Mwalimu Aliyeuliza Idadi ya Ng'ombe

Saa mbili na robo asubuhi, kata ya Nyansurura, wilayani Serengeti. Mwalimu Honoratha Telesphory anaingia Darasa la Sita amevaa kofia kuukuu ya mchungaji, fimbo mkononi.

"Nimepoteza mifugo," anawaambia wanafunzi. "Nakumbuka vichwa kumi na miguu ishirini na minane. Kulikuwa na ng'ombe na kuku. Nisaidieni kabla mume wangu hajajua."

Darasa linacheka. Irine, binti wa dawati la mbele, ananyoosha mkono. "Ng'ombe wanne, kuku sita. Lakini mwalimu, wewe usipewe tena mifugo."

Mafumbo ya namna hii ndiyo yaliyotaka kumfukuzisha mwalimu huyu kijijini mwaka jana.

Honoratha, mwenye umri wa miaka 36, ni mzaliwa wa Muleba, Kagera. Alipopangiwa shule hii miaka minne iliyopita, wanafunzi 11 tu kati ya 64 walikuwa wamefaulu hisabati katika mtihani wa mwisho. "Walikuwa wanaliogopa somo. Nikasema, kwanza wacheke," anaeleza.

Akaacha mahesabu ya treni na matangi ya maji, akaingiza vitu vya nyumbani: mahindi yaliyokanyagwa na tembo, mama mkwe mlafi, ng'ombe. Siku moja akawaagiza wanafunzi wakahesabu ng'ombe wa kwao.

Hapo ndipo shaka ilipoanza. Katika maeneo haya, mtu hatangazi idadi ya mifugo yake. Ezra Kisyeri, baba yake Irine, alimkuta binti yake amesimama mlangoni mwa zizi, anahesabu kwa kidole.

"Nikamuuliza, nani amekutuma? Akasema mwalimu," anasimulia Ezra. "Mgeni, hana hata mbuzi, anataka kujua zizi langu lina ngapi. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Siku kumi na mbili baadaye, ng'ombe wanane wa jirani yake, Mogesi, waliibwa.

Hakuna aliyemtuhumu mwalimu waziwazi. Watu waliacha tu kuitikia salamu zake. Muuza maziwa akapita bila kusimama. Wanafunzi 14 wakazuiwa kuja shule. "Nilikuwa naona pazia linafunguka kidogo kila nikipita njiani," anasema Honoratha. "Nikaanza hata mimi kujiuliza, kama mmoja wa watoto alisema kitu mahali."

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Ezra akasimama, akamtaka mwalimu alete daftari lenye idadi za mifugo.

"Shikamoo, mzee," Honoratha akamjibu. "Daftari hilo halipo. Sikuwahi kuambiwa idadi ya mtu. Naomba ufanye walichofanya watoto. Usinitajie chochote."

Akamwambia achukue idadi ya ng'ombe wake kimoyomoyo. Azidishe kwa mbili. Aongeze kumi. Agawanye kwa mbili. Kisha atoe idadi aliyoanza nayo.

Ezra akageuka, akaisogeza simu yake karibu na tumbo wasiione, akabonyeza hesabu polepole.

"Umepata tano," akasema mwalimu.

Ezra akaitazama simu tena: tano. Mogesi, mama wa makamo, naye akajaribu. Tano. Mwenyekiti, tano. Mzee asiye na ng'ombe hata mmoja akapiga hesabu ya sifuri, akapata tano. Mkutano ukaangua kicheko.

Ng'ombe wa Mogesi walipatikana siku tisa baadaye, wamefichwa porini. Waliokamatwa nao hawakuwa na uhusiano wowote na shule. Watoto wote 14 walirudi, na mwishoni mwa mwaka huo wanafunzi 39 kati ya 58 wa Darasa la Saba walifaulu hisabati.

Hata hivyo, shaka haijaisha. Hadi leo Honoratha hapiti karibu na zizi la mtu, na mafumbo yake yote huyabandika ukutani nje ya darasa ili kila mzazi ayasome.

Mwezi ujao anapanga kuanzisha kipindi cha mafumbo kwa wazazi, kila Jumamosi asubuhi. "Wakijua hesabu inavyofanya kazi, hawatamwogopa anayehesabu," anasema.

Waliojiandikisha ni saba. Jina la kwanza ni la Ezra.

"Mimi siendi kusoma," anafafanua, akitazama upande wa shule. "Nimefanya ile hesabu mara nyingi mno, na kila mara ni tano. Naenda kumwangalia kwa karibu."