Niliwauliza Wasiohama Habari za Kuhama

Mimi nimewahi kuchekwa na kijiji kizima, wazee kwa watoto wa mgongoni, na kilichonifikisha pale ni viatu. Siyo kwamba nilianguka. Afadhali ningeanguka.

Enzi hizo za Ujamaa nilikuwa msichana wa chuo, nasomea saikolojia (mama yangu alikuwa akiwaambia watu nasomea udaktari wa mawazo), na mwalimu wetu akanituma Usoke, kule kwenye tumbaku, nikawaulize watu waliohamishiwa kijiji kipya wanajisikiaje, wanalala vizuri, wana hofu, au wameshazoeana na majirani. Akanionya mapema, "Usichague wanaokupendeza. Kila kaya iwe na nafasi sawa, piga kura, na kura ikiangukia mbali, nenda huko huko mbali." Nikaitikia vizuri kabisa, kisha nikapanda treni Tabora nimevaa raizoni mpya, zile za soli nene kama tofali, nikashuka Usoke kwenye mchanga, na kabla sijafika mbali miguu ilikuwa inawaka moto.

Basi nikakata shauri dogo tu: nitawauliza wa karibu na stesheni. Watu ni watu, nikajiambia. Mwenyeji wangu, Mama Mihayo, mwanamke mkarimu mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya reli, akanizungusha kwa mashemeji na mawifi zake, kila nyumba nawekewa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, nami natafuna huku nauliza, "Ulipohamia hapa ulijisikiaje?" Wote wakanijibu kwamba hapa ni pazuri na wana furaha. Mama Mihayo mwenyewe alisema alichezewa ngoma mpaka asubuhi. Nikasema moyoni, hiki ndicho kijiji cha mfano.

Siku ya mkutano akaja afisa kutoka mkoani. Kulikuwa na watu walioomba kubadilishiwa viwanja, na yeye ndiye wa kukubali au kukataa, kwa hiyo alitaka kusikia kama watu wametulia. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Maganga, akanikaribisha. Nikasimama, nikatangaza kwa Kiswahili cha redioni kwamba wanakijiji wamezoea, hawana hofu, wanalala fofofo.

Bibi mmoja aliyeketi mbele, Bibi Nyamizi, akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, hao wanaolala fofofo ni kina nani? Maana mimi silali."

Nikajibu kwa fahari kwamba ni familia za pale stesheni. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya bati.

"Wale hawajahamia popote," akasema mzee mmoja akijifuta machozi. "Wamezaliwa pale pale. Sisi ndio tulioletwa kwao."

Na mimi, badala ya kukaa chini nikanyamaza (ujana una kichwa kigumu), nikamgeukia mwenyeji wangu mbele ya watu wote. "Mama Mihayo, si uliniambia ulipohamia hapa ulichezewa ngoma?"

"Nilichezewa, mwanangu," akasema. "Siku ya kuolewa."

Hapo hata mwenyekiti alijifunika uso kwa kofia. Nilitamani treni ya Kigoma ipite palepale inichukue. Lakini Bibi Nyamizi hakuwa anacheka, alikuwa akinitazama tu akingoja jibu, na afisa alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake: kwake yeye, watu walikuwa wametulia, hakuna haja ya kubadilisha viwanja. Nikaona nikinyamaza, bibi huyu hatalala tena, na sababu nitakuwa mimi.

Nikavua raizoni, nikasimama peku. "Ndugu zangu, nimekosea. Sikuuliza kijiji, niliuliza majirani zangu. Naomba debe na njugu mawe."

Tukatia njugu kwa hesabu ya kaya zote zilizohamia, nyeupe nyingi, nyekundu chache, tukafunika debe kwa khanga, na kila kaya ikatoa mtu wa kuchovya mkono bila kutazama. Atakayetoa nyekundu, nitakwenda kwake hata akiwa anaishi mwisho wa mashamba. Nyekundu ya kwanza ikamwangukia mlevi mmoja, na Ndugu Maganga akaninong'oneza, "Huyo mruke, atatuaibisha."

"Ndugu Mwenyekiti, njugu imeshamtaja," nikasema kwa sauti, na watu wakapiga makofi.

Bibi Nyamizi akatoa nyeupe. "Kwa hiyo mimi niliyeuliza ndiye nisiyeulizwa?"

Iliniuma, lakini nikashikilia. "Bibi, kama usingizi umewakimbia wengi, nitausikia kwa hawa."

Na nikausikia. Nilitembea peku hadi mashamba ya mwisho, na nyumba kwa nyumba, mlevi pia, wakaniambia jambo moja: wametenganishwa na ndugu zao, wakipiga yowe hakuna jirani anayeijua sauti yao. Afisa alikuwa amekubali kurudi. Nikasoma tena mbele ya mkutano ule ule, na safari hii hakuna aliyecheka. Akaruhusu ndugu wabadilishane viwanja wakae jirani, na Bibi Nyamizi akahamia ubavuni mwa dada yake. Siku naondoka walinisindikiza stesheni kwa vigelegele, cha Mama Mihayo kikiwa juu ya vyote.

Nimefanya kazi hiyo ya kuuliza watu mpaka nimestaafu, na sijawahi tena kumchagua mtu kwa sababu mlango wake uko karibu. Aliye karibu atakujibu vizuri, na matobolwa atakupa, ila huenda anakusimulia harusi yake.