Mkono wa Heber Larrosa

Heber Larrosa aliitwa Kwapa, na jina hilo hakulipata kwa kutooga. Mjini Durazno kila mtu hubeba chupa ya maji moto kwapani na kibuyu cha yerba, majani yanywewayo kwa mrija kama chai, mkononi. Lakini Heber, aliyeendesha lori la sufu maisha yake yote, hata alipoiweka chupa chini, mkono wake wa kushoto ulibaki umekunjwa kana kwamba chupa ingali pale. Umekunjwa hata kwenye picha ya arusi yake.

Kwa hiyo Mirtha, msimamizi wa nyumba ya wazee alimoishi Heber, alipouona mkono huo umening'inia, alijua pana jambo. Omar, aliyekuwa akinywa yerba na Heber kila asubuhi kwenye benchi la uani, alikuwa amefariki. Tangu hapo Heber alisinzia mchana kutwa, na usiku akakodolea dari macho. Aliacha kunyoa ndevu, kisha akaacha hata kuvaa. Mirtha alimweleza kwa upole kwamba daktari angekuja Alhamisi, na asiyeweza kujivika huhamishiwa ghorofani, kwa wanaolishwa na kuvishwa. Aliyepanda huko hakushuka tena kwa miguu yake. Heber alijibu kuwa juu au chini, kitanda ni kitanda.

Bi Zulema, mshonaji mstaafu wa chumba cha jirani, aliyasikia hayo. Jumatano asubuhi aliingia na vyombo vyake vya yerba, akaketi kitini, akamimina maji yaliyochemka juu ya majani, kisha akaushika mrija na kukoroga kama akorogaye uji.

Heber alifumbua jicho moja. "Bi Zulema, mrija haukorogwi."

"Nimeshaukoroga."

"Na majani umeyaunguza."

"Basi Kwapa, wewe fundi, si uinuke umimine? Au utanihutubia humohumo blanketini?"

Heber aliketi, akanyoosha mkono. Zulema akakivuta kibuyu. Alisema hanywi na mwanamume aliyevaa nguo za kulalia. Hata marehemu mumewe hakupewa ruhusa hiyo. Angemngoja benchini. Tena ingekuwa asubuhi tu, maana kunywa yerba baada ya chakula cha mchana ndiko kunakofukuza usingizi.

"Benchi lile ni la Omar," Heber alisema.

Zulema alikuwa ameshafika mlangoni. "Omar alikaa upande wa ukutani. Mimi nitakaa huku kwingine. Pake hapaguswi."

Heber alishuka kitandani. Kisha akaivaa suruali, soksi, na shati. Alipofika katikati ya vifungo aligundua kimoja kimezidi, akavifungua vyote, akaanza upya. Mirtha alipita, akasimama, akajizuia kusaidia. Mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja wenyewe, ukamwachia mmoja tu wa kufanyia kazi. Kifungo cha shingoni kilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu kikaingia.