Nyumba Isiyo na Ukuta wa Kuegemea

Nikiwa kijana kwa kiwanda cha kupasua mbao, mbwa wa msimamizi alikuja nyuma yangu akaninyang'anya ugali mkononi. Watu walinicheka wiki nzima. Huyo mbwa baadaye aligongwa na trekta, lakini hiyo ni habari ingine. Ninachosema ni kwamba tangu siku hiyo sikula tena bila kuegemea kitu mgongoni. Kiwandani ilikuwa rundo la mbao. Kwa chumba tulichopanga mtaa wa West Indies ilikuwa ukuta, na mama watoto aliniwekea stuli pale pale mpaka alipofariki.

Baada ya kumzika, magoti yakakataa ngazi za ploti, lile jengo la vyumba vya kupanga. Kijana wangu akasema nihamie kwake Kiplombe, nimalizie uzee huko. Nilifurahi, nisidanganye. Nikarudisha ufunguo kwa mwenye ploti, sasa sina pengine.

Nyumba ni mke wake aliichora, ndiyo kazi aliyosomea. Ndogo, paa bapa kama la sanduku, mbele yote vioo, kuta zingine zimejaa makabati. Ndani hakuna vyumba. Jiko hapa, viti hapa, kitanda changu chini ya dirisha, na chao juu kama rafu, kinapandwa kwa ngazi ya chuma. Mlango wa ndani ni wa choo peke yake.

"Nitaegemea wapi?" nikauliza.

"Ukuta unakula nafasi, baba," mkwe wangu akasema, kwa upole, sitamsingizia. "Hapo nimekuwekea jua la asubuhi."

"Jua ndilo nitaegemea?"

Kijana akacheka. "Huyu mzee amezoea ploti. Anataka kufungiwa."

Kwetu, mzee haoni kitanda cha mke wa mwanawe. Hakuna mtu aliandika. Ni aibu tu, inakuja yenyewe kama chafya. Nikaomba hata pazia. Mkwe akasema litaharibu nyumba, kisha akaniangalia, akasema sawa, atatafuta kitambaa.

Giza likaingia kabla ya kitambaa. Mkwe akaniaga, akaanza kupanda ngazi. Nikageuza uso dirishani haraka. Kumbe nje kukiwa giza na ndani taa, dirisha linakuwa kama kioo cha kinyozi. Nikamwona humo, hatua kwa hatua mpaka kitandani, naye akaniona nikimwona.

Asubuhi jua lilikuja kweli, zuri. Mkwe akaweka chai mezani bila kuniangalia. Nikainywa nimesimama, nikavaa koti.

"Unaenda wapi, baba?" kijana akauliza.

"Kunyoosha miguu."

Nikashika barabara ya mjini, polepole, na sijarudi.