Jasho la Chupa

Binamu yangu Gemmalyn Dumancas ana miaka thelathini na minne, na sijawahi kumwona akikimbia, hata siku mbwa wa sokoni alipomfuata. Kazi yake ni kuwahimiza Waaustralia wafanye mazoezi.

Ofisi yake ni chumba cha juu nyumbani kwa mama yake, hapa Dumaguete, Ufilipino. Asubuhi anakaa mbele ya kompyuta, kikombe cha kahawa huku, budbud mbili za wali wa nazi kule, anajibu ujumbe wa studio ya mazoezi iliyoko Perth. Saa zao na zetu ni zile zile. Mwenye studio ni mwanamke anayeitwa Shona, na hawajawahi kuonana ila kwenye kioo cha kompyuta. Gemmalyn anapanga nafasi za vipindi, anabadilisha ratiba mwalimu akiugua, na anawasaka wanachama wanaotoroka. Hilo la mwisho ndilo linalompa raha. Ukikosa vipindi viwili, anakuandikia maneno matamu. Ukikosa vitatu, anakuandikia mengine, na utavitafuta viatu vyako mwenyewe.

Aliyemsumbua ni Mzee Leith, dereva wa treni mstaafu ambaye daktari alimwambia achague kati ya mazoezi na mkongojo. Kila Alhamisi alikuwa na udhuru. Mara gari limegoma, mara mjukuu ana homa. Gemmalyn akawa anaandika kila udhuru kwenye daftari. Mwezi wa sita mzee akaleta habari kwamba mbwa wake amekufa. Gemmalyn akafunua kurasa za nyuma, akacheka peke yake, akajibu: "Pole sana, mzee wangu. Mbwa huyu alikufa mwezi wa tatu, na sasa amekufa tena. Nitajie jina lake nimwombee."

Baada ya dakika mbili simu ikaita.

"Anaitwa Biskuti," mzee akasema. "Yuko hapa anatafuna soksi yangu."

"Afadhali. Basi Alhamisi tunakuona."

"Hebu ngoja. Huyo ni jogoo?"

Alikuwa jogoo wa jirani yetu, Manong Berting. Manong Berting mwenyewe naye alikuwa ameshaanza karaoke, saa nne asubuhi.

"Ni jogoo," Gemmalyn akakiri. "Niko Ufilipino, mzee. Hiyo studio sijawahi kuikanyaga."

"Kumbe miezi yote hii nasimangwa na mtu aliyekaa kitini?"

"Nani kakwambia nimekaa? Zoezi mnalofanya nyinyi, nafanya na mimi. Kila siku."

Uongo ulimtoka kabla hajaupima. Mzee akaudaka hapo hapo.

"Vizuri. Alhamisi saa tatu nakuja. Simu yangu naiweka mbele, na wewe washa kamera. Nusu saa. Ukiacha kabla yangu, usiniandikie tena maisha yako yote."

"Na wewe ukiacha kabla yangu?"

"Nitakuja mara tatu kwa wiki."

Jumatano Gemmalyn akajaribu kuchuchumaa na kuinuka. Alifika mara tisa, akaenda kukaa kwenye ngazi mpaka mama yake, shangazi Consing, akadhani anaumwa. Alipoelezwa, shangazi hakumwonea huruma.

"Inday, binti yangu," akamwambia, "kwani kamera inaona miguu?"

Ndivyo Alhamisi tulivyojikuta watatu chumbani. Kompyuta juu ya kabati, ikimwonyesha Gemmalyn kuanzia mabegani kwenda juu tu. Yeye kakaa kitandani, kajifunga kitambaa kichwani kama mwanariadha. Mimi nimepiga magoti nyuma yake, nalisukuma godoro kwa mikono yote miwili ili mabega yake yapande na kushuka. Shangazi kasimama pembeni na chupa ya kunyunyizia maua yake, na kila baada ya dakika chache anampulizia mwanawe jasho.

Kitu kimoja hatukukijua. Mzee Leith alikuwa ameunganisha simu yake na televisheni kubwa ya ukutani, na mwalimu wa siku hiyo alikuwa Shona mwenyewe. Darasa zima lilikuwa linamtazama Gemmalyn.

"Bado upo?" mzee akauliza dakika ya kumi na tano, uso mwekundu.

"Nipo. Mbona wewe unapumua kama treni yako?"

Wakacheka kule. Mzee akakasirika, akazidi kuinua magoti.

Dakika ya ishirini na tatu Shona akawaambia wageukie ukuta wa nyuma. Shangazi akaona hiyo nafasi, akamtia Gemmalyn kipande cha budbud mdomoni. Walipogeuka tena, ubao wa kitanda ukakatika. Kitanda kikateleza, kikalipiga kabati, kompyuta ikayumba na kuinama, na kamera ikaona chumba chote: Gemmalyn kalala chali mdomo umejaa wali, mimi kwa magoti na mikono, na shangazi bado anapuliza maji.

"Gem," Shona akasema taratibu. "Huyo ni nani?"

"Mama yangu."

"Anafanya nini?"

"Ananitoa jasho."

Mzee Leith alicheka mpaka akakaa sakafuni. Gemmalyn akameza wali.

"Mzee," akasema, "umeacha kabla yangu."

Sisi tulicheka, lakini Gemmalyn alikuwa anaigiza ujasiri tu. Mchana hakugusa chakula. Mshahara ule ndio unaoendesha nyumba, na alijua amemdanganya bosi mbele ya wateja. Saa kumi Shona akapiga simu.

"Nilikuajiri ujibu watu, sikukuajiri uruke," alimwambia. "Ungeniambia tu huwezi, tungecheka, basi."

Gemmalyn akaomba msamaha, safari hii bila utani. Shona akatoa hukumu: Mzee Leith atakuja mara tatu kwa wiki kama alivyoahidi, na Gemmalyn atafanya kipindi kizima kila Alhamisi, kamera ikiwa mbali kiasi cha kuonyesha vidole vya miguu.

"Halafu," akaongeza, "watu wananiuliza kama mama atakuwepo."

Alhamisi iliyofuata Gemmalyn alilala sakafuni dakika ya kumi na moja, na Mzee Leith akamsomea kwa sauti ujumbe wote aliowahi kumwandikia. Shangazi, mwenye miaka sitini na mitatu, alimaliza nusu saa yake akiwa amevaa dera la nyumbani.

Imepita miezi minane. Gemmalyn sasa anamaliza, na anamwambia kila mtu kwamba anachukia. Shangazi haambiwi kitu. Shona alimtumia fulana ya zambarau yenye jina la studio mgongoni, naye ameivaa kanisani Jumapili mbili mfululizo.