Lifti Iliyotanguliza Shikamoo

Mlango wa lifti unaanza kujifunga. Fundi anatia mkono katikati, mkono wake mwenyewe, si mpini wa fagio. Mlango unarudi nyuma. Anatoa mkono, anasubiri, anatia tena.

"Mara moja inaweza kuwa bahati," anasema bila kugeuka.

Ni asubuhi, ghorofa ya pili ya jengo la familia nyingi. Fundi huyu, ambaye wapangaji humwita Mama Lifti, anaishi humuhumu ghorofa ya tano na mume, binti yao na mama mkwe wake. Bibi huyo ana magoti mabovu, na tangu mwezi uliopita amegoma kupanda lifti. Hupanda ngazi, kituo kwa kituo, huku mkamwana wake akimwangalia.

Ndani ya kisanduku cha chuma kando ya mlango mna kompyuta ndogo isiyo na kioo, inayoongoza lifti. Inatumia kile wataalamu wanachokiita mfumo endeshi wa wakati halisi. Jina linatisha, ila Mama Lifti analieleza kwa lugha nyepesi.

"Simu yako ikikwama, utanuna tu. Hii ikikwama, mtu anaumia. Kila kazi ina muda wake wa mwisho, na yenye dharura inaikatiza nyingine. Siyo mbio, ni kutochelewa."

Mifumo hiyo, anaeleza, imo pia kwenye breki za magari mapya, mashine za kusaidia wagonjwa kupumua na mitambo ya viwandani. Humo hakuna "nakuja sasa hivi" ya mtu ambaye bado yuko bafuni.

Kosa lake lilitokana na adabu. Wapangaji waliomba lifti iongee, naye akarekodi sauti ya binti yake ikisema, "Shikamoo, karibu." Ikabidi aielekeze kompyuta kazi ipi itangulie. Akaiweka salamu juu kabisa, mbele hata ya kihisi kinachojua kama kuna mtu mlangoni.

"Ndivyo nilivyolelewa. Unaingia kwa watu, unasalimia kwanza, mengine baadaye. Mikono iliandika yenyewe tu."

Aliyeingia wa kwanza alikuwa mama mkwe. Mlango ulimbana mkono huku lifti ikimwamkia kwa sauti ya mjukuu wake, taratibu, mpaka neno la mwisho. Ndipo ukaachia. Mfupa haukuvunjika, lakini mkono ulivimba wiki nzima.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema fundi. "Aliniangalia tu. Angenigombeza ningepumua."

Bibi mwenyewe sasa amefika ghorofa ya pili na mfuko wa mboga na mwavuli, amekaa kwenye ngazi. "Inanisalimia huku inaniuma," anasema. "Adabu gani hiyo?"

"Mama, hebu njoo uone. Nimeipanga upya. Huingii, unaangalia tu."

Bibi anasimama kwa shida na, mlango unapoanza kujifunga, anachomeka mwavuli katikati. Mlango unarudi papo hapo. Unatulia wazi kabisa, kisha sauti ya mtoto inasema, "Shikamoo, karibu."

Bibi anaitazama lifti.

"Marahaba," anajibu, halafu anaokota mfuko wake na kuendelea na ngazi.

Mama Lifti hamfuati. Anafunga kisanduku na kukaza skrubu ya mwisho.

"Ameitikia," anasema. "Kesho naweka kigoda ndani ya lifti, akalie."