Kisima cha Baba yake Kabula

Juzi mwanangu alinionyesha kitabuni tabaka lililo chini ya ganda la dunia. Ni mwamba mgumu, wenye joto kali, mbali mno kufikiwa na jembe. Nikamkumbuka Kabula, binti wa wafugaji waliohamia kwetu Chiola.

Utotoni niliamini kule chini ni uji wa moto. Baba yake alikuwa akichimba kisima, harufu ya udongo mbichi imetanda. Nikamwambia Kabula, "Akizidi kuchimba, ataungua."

Akakimbia akipiga kelele, "Baba, toka! Moto!"

Baba yake akapanda juu, akauliza nani kasema. Mimi nikakana. Akamchapa Kabula kwa fimbo ya ng'ombe, nasi watoto tukacheka.

Kabula alifuta machozi, akaninong'oneza, "Kwa hiyo baba hataungua?"

"Ataungua kesho," nikamjibu.