Maelezo Aliyoandika Mume Wangu

Wenzake wa kazini walikuja nyumbani kwetu Nzuguni na mfuko wa matunda, wakakaa kwenye ukingo wa makochi kama watu wa msibani, kisha wakaniomba nisafishe maelezo ya programu ya mume wangu. Nilidhani wananionea huruma tu. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili, walijua sina subira na sentensi mbovu, na aliyeyaandika hakuweza tena kuyagusa.

Programu yenyewe haina vitufe wala picha. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi, nayo inazifungia programu nyingine ndani ya makontena, kila moja na vitu vyake, zisigombane. Mume wangu alizoea kusema ni kama vihenge: mtama huku, uwele kule, na panya wa huku asijue njia ya kwenda kule. Ukikwama unaandika neno "msaada", na maelezo yake yanatokea. Hayo ndiyo yaliyotakiwa kusafishwa, maana mume wangu alikuwa mtu wa hadithi hata pale mtu alipotaka jibu la mstari mmoja.

Kabla ya ugeni huo ilikuja homa ya ubongo. Alitoka hospitali akitembea, akisoma, akiongea vizuri tu, lakini miaka yote ya utu uzima wake ilikuwa imefutika. Mama yake alimkumbuka. Mimi aliniita dada, kwa adabu, kama unavyomwita muuguzi. Nilimkasirikia. Najua mgonjwa hakasirikiwi. Nilimkasirikia hivyo hivyo, huku nikimkorogea uji. Nilitaka kitu kimoja tu, anitambue, na kazi ile niliipokea kwa kuwa nilidhani maneno yake mwenyewe yatamrudisha kwangu.

Kazini kwao ni yeye aliyeweka utaratibu kwamba maelezo hayapitishwi mpaka mtu asiyejua chochote ayafuate kwa mkono wake, mwandishi akiwa pembeni amefunga mdomo. Msomaji akikwama, kosa ni la mwandishi. Basi nikawa naandika asubuhi, yeye anajaribu mchana, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kulia na upepo wetu wa vumbi ukigonga madirisha. Nilikata mafumbo, nikakata methali. Sehemu ya kuwasha kontena ilikuwa na aya nzima kuhusu jogoo mvivu. Niliipunguza ikawa sentensi moja, nikajisikia kama ninayemnyoa mtu akiwa amelala.

Alifuata kila mstari vizuri ajabu. Kidole kwenye skrini, midomo ikicheza, amri moja, kisha nyingine, mpaka kontena likawaka.

"Dada, limekubali!"

Nilikimbilia jikoni nikalia kwa furaha. Nikampigia simu mama mkwe huko Mpwapwa. "Shikamoo mama. Anarudi. Anafanya kazi yake." Mama alipiga vigelegele hadi simu ikakwaruza.

Wenzake walipokuja tena niliwasimulia kwa majigambo. Mmoja wao, binti mpole aliyefundishwa kazi na mume wangu, akatazama chini.

"Mama," akasema, "zamani bosi alikuwa hasomi msaada. Alikuwa anajua."

Nilimchukia binti yule jioni nzima, maana alisema kweli. Mume wangu alifuata vizuri kwa sababu kila mstari ulikuwa mpya kwake. Kwa utaratibu wake mwenyewe, hatukuwa na mjaribu bora kumshinda yeye.

Ikabaki sehemu ya kufuta. Wenzake walitaka onyo fupi: kilichofutwa hakirudi. Yeye alikuwa ameandika hivi:

"Kuwa mwangalifu na amri hii. Niliwahi kufuta makontena yote ya mteja kwa uvivu wa kusoma. Nilirudi nyumbani siwezi hata kuongea. Mke wangu hakuniuliza kitu. Alinipikia ugali wa uwele na mlenda, akakaa nami mpaka nikala, kisha akaniambia, haya, nenda kaanze upya. Wewe huna mke wangu, kwa hiyo soma mara mbili."

Sikukata hata neno. Mlenda ule naukumbuka, niliununua sokoni Majengo, na nakumbuka alivyokula ameinamisha kichwa. Nikasema, wenzake watanisamehe, kipande hiki atakijaribu kama kilivyo. Nilikuwa nimebakiwa na hicho tu.

Alikisoma polepole, kwa sauti. Alipofika kwenye mlenda akatabasamu. Alipofika mwisho akacheka, akarudia tena kuanzia juu. Nilishika ukingo wa meza. Akavua miwani, akanigeukia macho yamelowa, na uso ule ulikuwa wake kabisa, uso wa mume wangu.

"Dada," akasema, "huyu bwana kapata mke."

"Ndiyo," nikasema.

"Bado wako pamoja?"

Nilimwambia bado wako pamoja. Akasema, "Mungu awatunze," akavaa miwani, akaendelea na mstari unaofuata.